Ubeti wa Tano

Kila siku nilipotoka shuleni, kabla hata sijavua viatu, Bibi aliniuliza swali lile lile: leo umeimba nini? Hakuuliza nimesoma nini wala nimekula nini. Nami nilimwimbia pale pale mlangoni, mkoba ungali begani, naye akisikiliza huku amefumba macho. Akiridhika alisema niingie. Asiporidhika nilirudia. Kuna siku nilisimama pale mpaka jua likazama, njaa inanitafuna, kwa sababu ya mstari mmoja tu.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mama alikuwa mpishi wa hospitali, akitoka alfajiri na kurudi jioni amechoka hoi. Mdogo wangu wa miaka sita tulimwita Kifungo, maana hakuwahi kumaliza siku akiwa na vifungo vyote vya shati. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na jina langu la nyumbani lilikuwa Chiriku. Nilipewa na Bibi kwa sababu ya kelele zangu, na kusema kweli nililipenda.

Nikishaimba na kula, nilimshika Kifungo mkono tukaenda ukumbini. Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili, jengo refu la matofali lililowahi kuwa ghala. Ndani kulinuka rangi na vumbi. Kikundi chetu kilicheza tamthilia za nyimbo, yaani michezo ambayo hadithi yake husemwa nusu na kuimbwa nusu. Mwaka ule tulikuwa tunaandaa mchezo wa mji uliowafungia watu nje, na mimi ndiye niliyepewa sehemu kubwa kuliko watoto wote. Nilikuwa binti wa mlinda lango. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mwalimu wetu wa muziki alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipenda kutueleza mambo yale yalikotoka. Alisema zamani za kale, katika nchi za mbali, mchezo ulibebwa na kundi la waimbaji waliosimama pamoja, wakaimba na kucheza, na hadithi ikatoka vinywani mwao. Baadaye maneno na wimbo vikaachana. Wako waliotunga michezo ambayo kila neno huimbwa, hata mtu akiomba maji ya kunywa. Wako walioweka maneno matupu. Na wako waliojaza jukwaa nyimbo na vichekesho bila hadithi yoyote ya kuviunganisha, mradi watu wacheke waende zao. Mpaka wakatokea watunzi waliosema wimbo uingie ndani ya hadithi na uisukume mbele. "Ukiuondoa wimbo na hadithi ikaenda vilevile," alituambia, "huo ulikuwa pambo. Ukiuondoa na hadithi ikaanguka, huo ndio wimbo."

Bibi aliposikia maelezo hayo alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema huko kwa wengine sawa, ila hapa kwetu mambo yalianza kwa kamba iliyokwama. Katika ujana wake michezo ilikuwa ya maneno tu. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya pazia na kuimba wimbo wowote, ili watu wasichoke wakati nyuma wanabadilisha mandhari. Siku moja wimbo ukaisha na pazia halikupanda. Kamba ilikuwa imenasa kwenye kapi, kile kigurudumu inamopita. Watu wakaanza kupiga miluzi. Bibi, kwa kukosa la kufanya, akaanza kuimba hadithi yenyewe ya mchezo, yule mjomba mwovu anawaza nini na yule yatima amejificha wapi. Pazia lilipopanda watu wakamkataza kuondoka. Tangu siku hiyo wimbo ukaingia kwenye mchezo na haukutoka tena.

Tangu siku hiyo pia mwimbaji na watu wa kamba wakawa kitu kimoja. Wao wako darini, juu ya jukwaa, nyuma ya kitambaa cheusi. Hawaoni chochote. Wanafanya kazi kwa masikio: neno fulani likiimbwa, wanavuta; neno fulani likiisha, wanaachia. Kwa hiyo kikundi kilikuwa na sheria mbili ambazo hata Kifungo alizijua. Ya kwanza, wimbo haubadilishwi kabla watu wa kamba hawajajua. Ya pili, ujumbe huo hupelekwa na mwimbaji mwenyewe, na bwana wa kamba lazima amrudishie mstari wa mwisho kwa mdomo wake, ndipo ujumbe uhesabiwe umefika.

Bwana wa kamba alikuwa seremala mmoja tuliyemwita Fundi Kimya. Hakuwa bubu, alikuwa mchoyo wa maneno tu. Mwalimu alimwomba atengeneze lango la mchezo kwa mbao nyepesi. Fundi akatikisa kichwa, akasema lango jepesi halimtishi mtu. Akachukua milango miwili ya lile ghala la zamani, mbao nene zilizofungwa vyuma, akaiunganisha. Wanaume sita walilinyanyua wakihema. Likaning'inizwa darini kwa kamba mbili zilizofungwa mifuko ya mchanga upande wa pili, na wakati wake ukifika Fundi aliachia, nalo likaja chini kwa kishindo kilichowafanya watu wa viti vya mbele wainue miguu.

Mimi sikulipenda lango lile hata kidogo. Nikiimba chini yake nilisikia mbao zikilia polepole kule juu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Nilimwambia Bibi kuwa linanitisha. Akasema ndiyo kazi yake.

Basi ikafika Alhamisi, siku mbili kabla ya onyesho la kwanza. Palikuwa na watoto wadogo tisa, Kifungo akiwa mmoja wao, waliokaa kwenye vigoda chini ya lango wakiwangoja wazazi wao walio nje ya mji. Mimi niliimba beti nne. Nilipoanza ubeti wa nne watoto waliinuka na kwenda pembeni, na neno la mwisho lilipotoka, lango likaanguka. Hivyo ndivyo tulivyofanya mwezi mzima. Siku hiyo Mwalimu akasimamisha kinanda, akauliza mbona hawa watoto wanaondoka tu, kama wageni walioona chakula kinachelewa? Nani kawaambia waondoke? Akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, akaandika ubeti wa tano. Sasa watoto wangekaa chini ya lango ubeti wote wa nne, na ule wa tano ndio ungewaita:

*Inukeni, twende ndani,*
*lango lataka kulala.*

Tulipojaribu, watu wa kamba wakiwa wameshakwenda zao, hata sisi wenyewe nywele zilitusisimka. Wimbo ulikuwa unafanya kazi ya hadithi. Mwalimu alinakili ubeti ule kwenye karatasi, akanipa. Akaniagiza niende moja kwa moja kwenye karakana ya Fundi, nimwimbie, anirudishie mstari wa mwisho, kisha nije nimwambie. Akasisitiza: asiachie tena mwisho wa ubeti wa nne, aachie mwisho wa tano. Nikaitikia, nikatoka mbio.

Ningefika, haki ya nani. Lakini njiani palikuwa na duka la mshonaji, na mshonaji akanichungulia dirishani akaniita. Gauni langu la mchezo lilikuwa tayari. La bluu, mikono mirefu, kola nyeupe. Nikajisemea nitalijaribu mara moja tu. Nikalivaa, nikajigeuza mbele ya kioo, mshonaji akapunguza kiuno, nikajigeuza tena, akapandisha pindo. Nilipotoka taa za mtaani zilikuwa zinawaka. Nilifika karakana nikakuta kufuli mlangoni na kizingiti kimefagiwa.

Nikajiambia kesho ipo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Bibi alikuwa akisema hivyo kila siku, ila masikio yangu wakati ule yalikuwa ya kusikiliza sifa tu.

Nilirudi ukumbini nikitembea taratibu. Mwalimu alikuwa anafunga kinanda. Ikumbukwe kuwa juma lililotangulia alimvua msichana mmoja sehemu yake kwa kuchelewa mara mbili, na msichana huyo alikuwa anaijua sehemu yangu neno kwa neno. Nilimwona amekaa pale pembeni, kimya, na gauni la bluu lilikuwa mkononi mwangu.

"Umemkuta?" Mwalimu akauliza.

"Nimemkuta."

"Kakurudishia mstari?"

"Kanirudishia, Mwalimu. Kasema, lango lataka kulala."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akazima taa. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilimtia mzee wa watu maneno mdomoni, na dunia haikutetemeka.

Ijumaa nilienda shule nikiwa nimepania kumaliza jambo lile jioni. Nilipofika ukumbini, Fundi alikuwepo, lakini amezungukwa na watu. Alikuwa amegundua kamba moja imeanza kulika, akalifunga lango kule juu lisishuke, na alikuwa anapima urefu wa kamba mpya. Nikajibanza karibu naye nikingoja apate nafasi. Akakunja utepe wake, akatoka na watu wake kwenda kununua kamba, na sisi tukafanya mazoezi bila lango. Nikaimba beti zote tano. Watoto wakakaa, wakangoja, wakaitwa, wakaondoka. Mwalimu alifurahi. Mimi nilitazama juu kwenye kitambaa cheusi.

Fundi alirudi wakati tunavaa viatu kwenda nyumbani, kamba mpya begani. Mwalimu akamuuliza kama mambo yote ni sawa.

"Sawa," Fundi akajibu.

Nilikuwa nimesimama katikati yao, naweza kuwagusa wote wawili. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno sita tu yangetosha. Kifungo akanivuta mkono akitaka kwenda, nami nikashukuru kwa kuvutwa.

Usiku ule nilijifariji kwa kila namna. Labda Fundi atachungulia kabla ya kuachia. Labda atawasikia watoto. Labda Mwalimu atamkumbusha. Bibi aliniona sigusi chakula, akanishika paji la uso, akauliza nina nini. Nikasema ni woga wa jukwaa. Akasema woga wa jukwaa haumkoseshi mtu kula, humkosesha usingizi tu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha akanitazama, na mimi nikainamia sahani.

Jumamosi asubuhi nilitoka mbio hadi karakana. Imefungwa. Nikakimbia ukumbini. Mlango wa ngazi ya darini ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Nikagonga. Nikagonga tena. Sauti ya msaidizi wa Fundi ikanijibu kutoka juu kuwa mlango haufunguliwi, kamba zimeshabeba mzigo, hapandi mtu wala hashuki mpaka mchezo uishe. Nikasema nina ujumbe. Akasema Fundi yuko ng'ambo ya dari na kutoka pale hasikii, ujumbe mpelekee Mwalimu, Mwalimu atapaza sauti kutoka jukwaani. Nikabaki nimeegemeza kichwa kwenye mlango ule.

Mwalimu alikuwa kwenye kinanda, akigusa vitufe kimoja kimoja. Nilimwendea. Aliinua macho yake mazuri yenye uchovu, akatabasamu.

"Kuna neno, Chiriku?"

Nitakuwa mkweli sasa ingawa sikuwa mkweli wakati ule. Sikuwafikiria watoto. Nililifikiria gauni. Nilifikiria yule msichana mwingine akilivaa.

"Hakuna, Mwalimu."

Nikaenda kumtafuta Kifungo. Nikamwambia ubeti wa nne ukianza tu, ainuke aende pembeni, asingoje wa tano. Akauliza kwa nini. Nikasema fanya ninavyokuambia. Akanikumbusha kuwa mimi si mwalimu. Nikamwahidi penseli yangu ya rangi nyekundu, akakubali. Wale wengine wanane sikuwaambia kitu. Nilijua wangemwuliza Mwalimu. Angalieni mtoto mimi nilivyokuwa: nilikuwa nimeshakiri moyoni kuwa lango litawaangukia, na bado nikachagua wa kuokoa.

Alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Bibi alikaa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani. Pazia likapanda. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, watu wakacheka palipotakiwa. Kisha taa zikapunguzwa, watoto tisa wakaingia na vigoda vyao wakakaa safu moja, na mimi nikasimama mbele yao kidogo katika gauni la bluu. Juu mbao zikalia.

Niliimba ubeti wa kwanza. Wa pili. Sauti ilikuwa nzuri, ajabu ni hiyo. Wa tatu. Mwalimu akaniashiria kwa kichwa kutoka kwenye kinanda. Nikaanza wa nne:

*Lango hili nikifunga,*
*walio nje watalia,*

Kifungo akainuka. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Msichana mdogo aliyekaa naye akamshika kaptura akamvuta, akamnong'oneza, "Kaa, bado!" Kifungo akanitazama mimi, akamtazama yeye, akachanganyikiwa. Akakaa. Tena akakaa katikati kabisa, kwenye kigoda chake, mikono magotini.

*na wa ndani tutachunga*

Juu yetu nikasikia sauti ndogo ambayo watu wa ukumbini hawakuisikia. Ilikuwa kifundo cha usalama kikifunguliwa. Fundi alikuwa anajiandaa, kama alivyofanya mwezi mzima.

*giza*

Nikanyamaza.

Lilikuwa limebaki neno moja. Nililiuma kwa meno. Ukumbi mzima ukangoja. Mwalimu akadhani nimesahau, akarudia kipande kile kwenye kinanda polepole, kunipa nafasi. Sikuimba. Mtu akakohoa. Mwingine akacheka, na kicheko kikapita mstari hadi mstari. Mwalimu akarudia tena, na safari hii midomo yake ikaanza kuniundia lile neno. Nikageuka, nikaona wale watoto, maskini, wanataka kunisaidia. Wote walikuwa wanaujua wimbo. Yule msichana mdogo alikuwa ameshavuta pumzi na kufungua kinywa.

"Msiimbe," nikasema. Kisha nikainua uso kwenye kitambaa cheusi nikapaza sauti. "Fundi, usiachie. Watoto wako chini ya lango. Ubeti ni wa tano, si wa nne. Sikukuletea ujumbe. Nilimdanganya Mwalimu."

Kicheko kilikatika. Kisha sauti ya Fundi ikashuka, nzito, ya mtu aliyebana meno.

"Waondoe. Upesi. Limeshafunguliwa, tumelishika kwa mikono."

Mwalimu aliruka kutoka kwenye kinanda, kiti kikaanguka nyuma yake. Tukawakamata watoto kwa mikono, kwa mashati, kwa chochote, tukawasukuma pembeni. Mimi nilimbeba Kifungo mzimamzima. Mwalimu akahesabu kwa sauti mpaka tisa, akahesabu tena, ndipo akapiga kelele kuwa pako wazi.

Lango likaja. Jukwaa lote lilitikisika, vumbi likapanda mpaka kwenye taa. Lilipotulia tukaona vigoda vitano vimevunjika chini yake, na cha Kifungo, kile cha katikati, kilikuwa vipande vya kuwashia moto. Kifungo akakitazama, akaniambia kwa sauti ya kunung'unika kuwa kigoda chake kimeharibika. Nikaanza kulia.

Mwalimu alifunga pazia. Akawaomba watu wangoje nusu saa, lango lipandishwe tena. Hakunipiga wala hakunifokea, na ningeona afadhali anifokee. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, akaniambia nivue gauni nimpe mwenzangu. Nikalivua. Bibi alikuwa amekuja nyuma ya jukwaa, amemkumbatia Kifungo. Akanirushia kitenge chake nijifunike.

Yule msichana mwingine alisimama jukwaani chini ya kitambaa cheusi, akawaimbia watu wa kamba ubeti wa tano, Fundi akamrudishia mstari wa mwisho kutoka juu, wote tukasikia. Mchezo ukaanza tena tangu mwanzo wa sehemu ya pili. Watoto waliitwa, wakainuka, wakaingia ndani mmoja mmoja, na lango likaanguka mahali patupu. Watu walipiga makofi wakasimama. Sauti yake haikuwa nzuri kama yangu. Wimbo ulifanya kazi yake vilevile.

Ukumbi ulipobaki mtupu, komeo la darini likafunguliwa na Fundi Kimya akashuka. Alikuja moja kwa moja hadi nilipokaa. Nikasimama. Nikamwamkia kwa sauti isiyosikika, nikamwomba radhi. Akaniambia nikae, naye akakaa mbele yangu kwenye kigoda kimojawapo kilichosalia.

"Chiriku," akasema, "kule juu mimi sioni kitu. Kuna giza na kitambaa. Nasikia sauti yako tu. Ikisema achia, naachia. Sijiulizi mara mbili, maana nikijiuliza nimechelewa."

Akanyoosha mikono yake. Viganja vilikuwa vimechunika kwa kamba, ngozi imetoka.

"Wewe ungelia, na watu wangekusamehe, kwa kuwa u mtoto. Lakini mkono ambao ungeachia kamba si wako. Ni huu. Uliposema nimekurudishia mstari, na mimi sijasikia kitu, ulitaka kunifanya muuaji wa watoto tisa bila mwenyewe kujua. Ningezeeka na mikono hii, ningekula nayo."

Yale yote niliyoogopa kuyapoteza siku tatu, gauni, sehemu yangu, jina langu, nilitamani nisingekuwa nayo tangu mwanzo.

"Wewe uliuona ni uongo mdogo," akaendelea, kwa upole sasa. "Hakuna mdogo, mwanangu. Uzito wa uongo ni uzito wa kile kinachoning'inia juu yake, na anayeusema mara nyingi hakioni. Ila sikiliza na hili. Ulinyamaza watu wakikucheka, kisha ukasema kweli mbele ya ukumbi mzima. Ungesema Alhamisi ingekuwa rahisi. Leo ilikuwa ngumu, na ukaisema. Hilo nalo nimelisikia kutoka juu."

Mwalimu alisogea, akasema kuwa nitakaa nje ya maonyesho yote ya mwezi ule, na kwamba kuanzia sasa ujumbe wa watu wa kamba atapeleka mtu mwingine. La kwanza nililikubali. La pili lilinichoma, lakini nililikubali pia. Fundi akatikisa kichwa.

"Ujumbe mpe huyu huyu," akasema. "Wengine watausikia tu. Huyu anajua kuna nini juu."

Kisha akanigeukia, akaniambia ujumbe wa kwanza ni wa leo. Mama alikuwa bado kazini na hakujua lolote. Niende mimi, si Bibi wala Mwalimu. Nimweleze kilichotokea tangu Alhamisi, lote, nisipunguze kosa langu wala kuongeza la mtu mwingine.

"Na akisema nini?" nikauliza.

"Utaniletea jibu," akasema Fundi.

Bibi akamshusha Kifungo, akanipa mkono wake mdogo nimshike. Tukatoka nje. Nilitembea hadi hospitali bila kukimbia na bila kusimama popote, nikapita mlango wa nyuma, nikamkuta Mama jikoni anasugua sufuria kubwa kuliko Kifungo. Alipotuona akafurahi, akauliza mchezo umekwendaje. Nikamwambia aweke sufuria chini kwanza, akae, halafu nikaanza kumweleza.